Barafu Chini ya Kitambaa

Juni 25

Bismillahi. Leo imeingia Chilla, siku arobaini ambazo jua la mji wetu wa Margilan halimwonei huruma mtu. Naandika kwenye daftari la shule la binti yangu Dilnavoz, lililobakiwa na kurasa nyingi kwa sababu hesabu hakuzipenda. Mimi mwenyewe shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo atakayeyasoma haya asinicheke.

Sababu ya kuandika ni hii. Asubuhi mwanangu Elyor amepiga simu kutoka Kazan, anakojenga maghorofa ya watu. Anarudi Chilla ikiisha. Akasema, "Mama, Zarnigor ni amana yangu kwako. Nimekaa naye wiki tano tu tangu harusi, nikaondoka. Nitunzie mpaka nije. Nikimkuta hapo, nitajua nina nyumba."

Nikamjibu, "Mwanangu, hilo nalo la kuniambia?" Lakini simu ilipokatika nilianza kuwaza. Kwa Karomat, jirani yangu wa ukuta mmoja, mkaza mwana alikaa miezi mitatu akarudi kwao. Na huyu wangu ni wa Tashkenti, mtoto wa ghorofani, anatembea haraka na kucheka kwa sauti. Basi nitaandika kila nitakapoweza, ili nikiulizwa na mwanangu, au na Mola wangu, niwe na la kujibu.

Juni 26

Joto digrii arobaini na moja. Kuku wamelala chini ya mzabibu midomo wazi.

Juni 28

Sijui nianzeje. Nimetoka kuswali adhuhuri, nimevuka ua kwenda jikoni, nikamkuta Zarnigor anatia barafu kwenye chai. Barafu! Kwenye chai! Nilishika mwimo wa mlango.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Chai ya barafu, mama. Ya mapichi. Kwetu kiangazi tunakunywa hivi."

"Na wangapi wamekufa huko kwenu?"

Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania. Marehemu mama yangu alitulea hivi: jua likiwaka nje, nawe washa ndani, kunywa chai ya moto, jasho likutoke, upepo ukupoze. Tena chai ya kijani ina ubaridi wake wa asili hata ikiwa inafuka moshi. Kuitia barafu ni kubandika baridi juu ya baridi. Koo, tumbo, kizazi, vyote vitaumia. Nilimweleza hayo yote. Alinisikiliza kwa adabu, mkono kifuani, kisha akainywa. Glasi nzima!

Nilimtazama mpaka magharibi nikingoja aanguke. Hakuanguka.

Julai 1

Anakunywa kila siku. Sasa na Dilnavoz anakunywa. Nimewasomea dua wote wawili.

Julai 3

Karomat alichungulia juu ya ukuta wakati naanika nguo. "Dada Sharofat, nasikia kwako chai inanywewa ikiwa maiti."

"Imepoa tu, Karomat."

"Haya. Mkaza mwana wa mjini ni kama paka wa jirani. Bakuli kwako, roho kwao."

Nilimjibu kwamba paka wa jirani ndiye anayemaliza panya wa kwangu. Akashuka ukutani. Nimejishangaa mno. Kumbe namtetea! Tangu lini?

Julai 5

Nimekunywa. Naandika huku nikiona haya.

Jua lilikuwa limesimama utosini, nimerudi kusomea akina mama Kurani kwenye matanga mtaa wa pili, ulimi umenikauka kama ngozi ya ngoma. Zarnigor aliweka mbele yangu kibakuli, akaondoka. Nikasema nionje tu, nijue ninachokikataza. Nilipoweka chini kilikuwa kitupu. Lo! Utamu wa pichi unafika kwanza, halafu uchungu kidogo wa chai, halafu nanaa, halafu baridi inayoshuka mpaka kwenye magoti. Nilikaa kimya nikingoja tumbo linisute. Halikunisuta.

Nikamwita. "Hii umeifanyaje?"

Macho yake yalivyong'aa! Akanivuta jikoni kama mtoto anayeonyesha mchoro wake. Mapichi anayachagua yaliyoiva hadi yananukia, anayachovya maji ya moto ganda litoke, anayapika na sukari kidogo mpaka yalegee, anayapitisha kwenye chujio. Chai ya kijani haimwagii maji yanayochemka. "Maji yakichemka, mama, yaache yapumue kwanza. Ukiyamwaga yakiwa na hasira chai inakuwa chungu." Anaitoa majani upesi, anaichanganya na pichi, anaiacha ipoe kabisa. Na barafu yake si vipande vya kawaida. Anagandisha maji kwenye vikombe vidogo vya kahawa, kila kimoja na kipande cha pichi na jani la nanaa ndani, kisha anakitoa kile kilichoganda, anakiweka kwenye kibakuli kichwa chini. Kinasimama katikati kama kuba la msikiti.

Nimekaa na msichana huyu miezi mitano na leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema sentensi kumi mfululizo.

Julai 7

Karomat ametuma bilauri juu ya ukuta. "Ya dawa tu," anasema. Imerudi ikiwa imelambwa.

Julai 9

Habari kubwa! Bi Saodat, shangazi yake yule kijana fundi wa kufuma hariri anayemtupia macho Dilnavoz wangu, ameleta salamu kwamba washenga watakuja Jumatano. Dilnavoz amesikia nyuma ya mlango, amevunja sahani.

Julai 10

Nimeamua mwenyewe, wala hakuna aliyenishauri: washenga nitawapa ile chai ya barafu. Wamezoea kuchomwa koo kila nyumba. Kwa Sharofat watapoa. Mtaa mzima utaisema.

Zarnigor alisita. "Mama, ni washenga. Si afadhali chai ya kawaida?"

"Unaogopa nini? Kazi yako nzuri nataka ionekane."

Akaona fahari, nilimwona. Nikamkalisha nikamfundisha upya, maana watu wa Tashkenti wana mkono mzito. "Sikiliza. Mgeni wa heshima anamiminiwa kidogo. Theluthi, isizidi. Ndivyo unavyomwambia: kaa, nitakumiminia tena na tena. Ukimjazia kibakuli umemwambia kunywa, uvae viatu, uende zako. Na kwa washenga ni zaidi. Kibakuli kikijaa, maana yake tumekataa kumtoa binti, na mkate wa makubaliano haumegwi."

"Najua, mama. Theluthi. Na barafu?"

"Barafu ni barafu. Tunazungumza chai."

Julai 12

Nitaandika yote kwa mpangilio, kama yalivyokuwa.

Washenga walikuwa waje saa tisa. Walikuja saa nane. Bi Saodat mbele, mzito, na wanawake wawili wa ukoo nyuma yake. Nilikimbilia jikoni. Zarnigor alikuwa kachanganya chai dakika hiyo hiyo. "Mama, bado ya moto."

"Lete hivyo hivyo, barafu itaipoza. Na ukishaweka toka, wamwone Dilnavoz."

Wakaketi juu ya magodoro, migongo kwenye mito. Mikate miwili miwili katikati, zabibu, lozi, halua. Zarnigor akaingia na sinia limefunikwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe nikiwa mwari. Akaliweka mbele ya Dilnavoz, akainama mara tatu, akatoka kinyumenyume. Hata Bi Saodat aliguna kwa kuridhika.

Kisha Bi Saodat akasema, "Dada Sharofat, sauti yako inasifiwa mpaka Fergana. Marehemu mama mkwe wangu hajatimiza mwaka. Kabla ya kinywaji, tusomee kidogo."

Kidogo, alisema. Mimi nikasoma Yasin nzima. Na kwa kuwa sauti siku hiyo ilinikubali, nikaongeza Mulk. Nikafuatisha dua, nikawataja wazee wao na wazee wetu, wagonjwa, wasafiri, mwanangu huko Kazan, na mvua. Nilipopangusa uso kwa viganja chumba kilikuwa kimya kabisa. Nikajisemea, leo nimesoma.

"Funua, binti yangu," nikamwambia Dilnavoz.

Akafunua.

Vibakuli vitatu, vyote vimejaa pomoni! Chai imevimba juu ya ukingo kama jicho lenye chozi, kingine kimemwagikia sinia. Dilnavoz alibaki ameshika kitambaa hewani.

Bi Saodat aliinamia kibakuli chake, akakitazama kwa muda, akakisogeza kwa kidole kimoja. "Tumekuelewa, dada Sharofat."

"Bi Saodat, ngoja, ni mkono wa mtoto, hajui…"

"Kibakuli kimesema. Sisi si watu wa kuambiwa mara mbili."

Wakainuka. Mkate wakauacha mzima. Nilitoka nao hadi langoni nikizungumza peke yangu kama mwehu. Karomat alikuwa ameshafika, ati kurudisha chujio.

Sikungoja hata vumbi la wageni litulie. Zarnigor alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ina unyevu.

"Nilikwambia nini? Nilikwambia kiasi gani?"

"Theluthi, mama. Nimemimina theluthi."

"Basi macho yangu yamepofuka?"

"Wallahi, mama, nimemimina kidogo. Labda…"

"Usimtie Mungu kwenye uongo wako! Mwongo! Mwongo wewe! Umemharibia wifi yako, na bado unaapa!"

Nilisema mwongo. Mara mbili. Karomat amesimama langoni na chujio langu mkononi. Zarnigor alifunga mdomo, na uso wake ukafungika pia, kama dirisha linalofungwa nyumba ya mtu aliyesafiri.

Dilnavoz analia tangu alasiri. Mimi silii. Nimepigwa na butwaa tu.

Julai 13

Hakuna aliyekula. Mkate wa washenga umekauka.

Julai 14

Zarnigor ameamka alfajiri, amefagia ua, amemwagilia mzabibu, ameosha kila chombo kilichomo nyumbani hata visivyo na uchafu. Halafu akaja mbele yangu. "Mama, niruhusu niende kwetu."

Mkaza mwana hatoki bila ruhusa ya mama mkwe. Kwa hiyo neno lilikuwa langu. Ningeweza kusema ngoja. Ningeweza kusema kwanza tunywe chai. Nilisema, "Nenda."

Alikuwa na begi moja dogo. Sikumtoa hata langoni.

Julai 15

Digrii arobaini na tatu. Dilnavoz hasemi nami.

Julai 16

Elyor amepiga simu. Nilishika simu kama kaa la moto. Nikasema sasa anajua, sasa ananiuliza amana yake. Sauti yake ilikuwa na furaha!

"Mama, nimeongea na Zarnigor jana. Anasema mko salama. Anasema umemfundisha mengi."

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Hamna, mwanangu. Joto tu."

Nimekaa na simu mapajani mpaka ikazimika uso. Hakunishtaki. Nilimvunjia heshima mbele ya jirani, naye kwa mume wake amenifunika. Na mimi, msomaji wa Kurani wa mtaa, nimemjibu mwanangu "hamna". Nani kati yetu ni mwongo? Nimetawadha mara mbili na bado nahisi mdomo una kitu.

Julai 18

Karomat amesema juu ya ukuta, "Si nilikwambia paka?" Niliendelea kuanika nguo.

Julai 21, Ijumaa

Ya Rabi. Ya Rabi. Ngoja nikae vizuri.

Alasiri kiu ilinizidi. Nikafungua friji kutafuta maji, nikaviona vile vikombe vidogo vya barafu, vinne, vimebaki kama alivyoviacha, kila kimoja na kipande chake cha pichi. Roho iliniuma. Nikasema nitatengeneza mwenyewe, ninywe, nimkumbuke. Nikachemsha, nikayaacha maji yapumue, nikachanganya. Sikuwa na subira ya kungoja ipoe. Nikamimina theluthi, kwa mazoea tu, maana mkono wangu miaka hamsini haujui kumimina zaidi. Nikasimamisha barafu katikati. Nzi walikuwa wengi, nikafunika kitambaa.

Hapo adhana. Nikaenda kuswali. Na kwa kuwa ni Ijumaa, nikabaki kwenye mkeka kumsomea Yasin marehemu mume wangu, nikaongeza kama kawaida yangu.

Nilirudi, nikafunua. Kibakuli kimejaa pomoni.

Nilipiga ukelele. Dilnavoz alikuja mbio akidhani nge. Sikuweza kusema, nilinyoosha kidole tu. Naye akatazama, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Nikafanya tena, maana binadamu hubisha hata macho yake. Theluthi ya chai yenye uvuguvugu, kuba la barafu juu yake. Mara hii sikusoma kitu. Tuliketi mimi na binti yangu tukitazama. Kuba linashuka, chai inapanda. Kuba linashuka, chai inapanda. Hakuna mkono wa mtu. Mwishowe kilibaki kipande chembamba kama ukucha kinaelea, na chai imefika ukingoni.

Alimimina theluthi. Aliapa kwa kweli. Mimi ndiye niliyesema barafu si chai. Mimi ndiye niliyesema ilete ikiwa ya moto. Na ni mimi niliyesoma kwa muda wote ule, kila aya nikiinyoosha, huku barafu inayeyuka chini ya kitambaa nilichokidarizi mwenyewe.

Na jina la mwongo nikampa yeye.

Julai 22

Nimemwambia Karomat naenda Tashkenti. "Mama mkwe kumfuata mkaza mwana? Dada, utatuharibia soko sote!"

Julai 24

Nilipanda gari la abiria wanne, tukavuka mlima, kichwa kinaniuma, nimebeba mkate na zabibu za nyumbani. Ghorofa ya nne, ngazi zinanuka kabichi. Mama yake Zarnigor, Bi Mahfuza, ndiye aliyefungua. Alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Karibu, mkwe mwenzangu. Ila sijui nikukaribishe kwa uso upi."

"Wowote ulio nao. Nimestahili wote."

Zarnigor alitoka chumbani. Amekonda. Aliinama kunisalimu kama siku zote, na ile heshima iliniuma kuliko kama angenitukana. Nilieleza yote, kibakuli, kitambaa, Yasin, alasiri ya Ijumaa. Nikasema, "Nisamehe. Sikuja kukuchukua. Nimekuja kuomba msamaha tu."

Akasema polepole, "Mama, mimi nilijua jioni ile ile. Nilipoosha vile vibakuli nilikuta kipande cha pichi chini, cha ndani ya barafu. Nikaelewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema 'labda'. Hukuniacha nimalize."

Ni kweli. Alisema labda.

"Nimekusamehe, mama, Mungu shahidi. Lakini kurudi ni jambo jingine. Uliniita mwongo mbele ya watu. Hapa ndani umenisafisha, lakini hapa ndani hakuna aliyenichafua. Kule kila nitakapopita kwenda dukani, ni yule aliyeapa uongo."

Bi Mahfuza akadakia, "Mwanangu hapokei radhi za ngazini."

"Mama, acha," Zarnigor akamwambia mama yake. Halafu kwangu, "Joto la barabarani litakuua. Kula kwanza."

Nilikula. Sikumbuki nilikula nini. Elyor anakuja siku kumi na mbili zijazo, na amana yake imekaa mbele yangu ikinimegea mkate, wala si yangu kuirudisha.

Julai 28, Ijumaa

Leo ulikuwa mkutano wetu wa mwezi wa akina mama, zamu ya Karomat. Wanawake kama ishirini na tano. Bi Saodat naye alikuwepo, kaketi mahali pa heshima, hakunitazama. Kama kawaida wakaniomba nisome.

Nikasema, "Leo nisome au nisisome mtaamua baadaye. Kwanza nina mzigo." Nikatoa kibakuli, nikatoa chupa ya chai, nikatoa barafu niliyoiviringisha kwenye blanketi tangu nyumbani. Nikamimina theluthi mbele ya macho yao. Karomat akaguna, "Dada Sharofat kageuka mganga." Nikasimamisha kuba, nikafunika.

"Sasa nasoma," nikasema. Nikasoma kama nilivyosoma siku ile, aya kwa aya. Lakini mara hii sauti yangu niliisikia kwa masikio yao. Niliona mama mmoja anabadilisha goti. Niliona mwingine anapangusa jasho la shingo. Kumbe ndivyo huwa! Miaka yote nilikuwa nimefumba macho.

Nikamaliza. Nikamwambia Karomat, "Wewe ulisimama langoni ukanisikia nikimwita mkaza mwanangu mwongo. Funua wewe."

Akafunua. "Yallah!" Wote wakasogea, magoti juu ya magoti, mmoja akachovya kidole. Nikasema kwa sauti, "Alimimina theluthi. Aliapa kweli. Mwongo siku ile alikuwa mmoja tu nyumbani kwangu, naye si Zarnigor."

Mama mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, mpaka machozi. Nikawaacha wacheke. Ilikuwa haki yao.

Bi Saodat hakucheka. Alingoja watulie, akasema, "Kulikuwa na kipande cha barafu kinaelea. Chembamba. Nilikiona."

Nilidhani sikusikia sawasawa. "Ulikiona, Bi Saodat?"

"Mimi si mjinga, dada. Nilijua ni barafu."

"Sasa mbona uliondoka?"

"Kwa sababu nina magoti mabovu, na nilikuwa nimekaa saa nzima nikikusikiliza ukijisikiliza. Marehemu mama mkwe wangu nilimwombea kidogo. Wewe ukanipa na mvua. Kibakuli kilipofunuliwa nikaona mlango, nikatoka."

Ingekuwa ardhi ina mdomo ningeiomba inimeze. Mbele ya wanawake ishirini na tano! Nami nikiwa nimefungua kinywa kujitetea, kitu kikanirudia wazi kama mchana. Sinia, kitambaa hewani, chai imevimba, na katikati ya kibakuli cha Bi Saodat kitu kinameremeta.

"Mimi pia nilikiona," nikasema.

Nilikiona. Nilikiona kabla ya kwenda jikoni, kabla ya kufungua mdomo. Sikutaka kukijua. Ilikuwa rahisi zaidi awe msichana wa Tashkenti.

Hakuna aliyecheka tena. Bi Saodat akanyoosha mkono, akachukua kile kibakuli kilichojaa, akakinywa chote, akapangusa mdomo. "Tamu," akasema. "Tutakuja tena joto likipungua. Na utasoma Fatiha."

Julai 29

Simu kutoka Tashkenti, asubuhi.

"Mama, nimesikia yote."

"Nani kakwambia?"

"Dilnavoz alikuwa na simu ndani ya mtandio wake. Nilisikia tangu mwanzo."

"Mpaka Yasin?"

"Nzima, mama. Niliketi chini." Kisha akaongeza, "Mpaka uliposema nawe ulikiona."

Nilijua ndilo litakalonihukumu.

"Hilo usingelisema hakuna ambaye angejua," akasema. Na simu ikakatika, au aliikata. Sijui.

Agosti 1

Hajapiga. Sikupiga. Upepo wa vumbi siku nzima.

Agosti 3

Elyor amepanda treni. Nimemwambia kwa simu, kabla hajafika, yote, bila kujipunguzia. Akasema, "Mama, ningeyasikia haya kwa mtu mwingine nisingeamini." Basi.

Agosti 4, Ijumaa

Gari limesimama langoni saa nne asubuhi. Nilikuwa namwagilia mzabibu. Ameshuka Zarnigor, peke yake, jasho usoni, ameinama kunisalimu. Dereva akashusha lile begi dogo, kisha akashusha sanduku la mbao, akilia "ah!" kwa uzito.

Nililishika mimi. Karomat alikuwa juu ya ukuta tayari, na lango la ng'ambo limefunguka.

"Mama, acha, watu wanatazama."

"Watazame."

Ua wetu ni mrefu. Nililiweka chini mara mbili kupumua. "Mwanangu, umebeba mawe?"

"Cherehani yangu."

"Unashona? Harusini ulileta masanduku sita, magodoro, sahani, mapazia. Mbona hii hukuileta?"

"Zile ni za desturi, mama. Hii ni yangu." Akashika upande wa pili wa sanduku. "Niliiacha kwetu. Sikuwa na hakika kama nitakaa."

Miezi mitano! Kila alfajiri amefagia ua huu, amenimiminia chai, ameinama mara tatu, na kitu chake kimoja kilikuwa kule kinamngoja. Sikuwa nimewahi kuuliza.

Tuliipandisha chumbani kwao pamoja. Nikaiweka karibu na dirisha, penye mwanga. Akarudi nyuma akaitazama, akaja akaisogeza kidogo kushoto.